Tathmini ya wafanyakazi kwenye NGO ndogo Zanzibar: hatua kwa hatua, na muhali uache nje

Kila mwaka ukikaribia kuisha simu yangu haitulii. Mkurugenzi wa jumuiya (ndo tunavyoziita NGO huku kwetu) anauliza fomu ya tathmini aipate wapi, meneja wa mradi anauliza alama azitoe vipi wakati nusu ya ofisi ni jamaa zake, mwengine dona kashamtumia imeili anataka kuona tathmini za wafanyakazi kabla ya Ijumaa na yeye hajui hata aanzie wapi. Maswali ni yale yale, kwahiyo naandika yote hapa. Ukiwa na haraka ruka mpaka hatua unayoitaka, lakini sehemu ya mazungumzo tafadhali usiiruke.

Nianze na kinachoua tathmini zetu hata kabla ya fomu kuchapishwa. Muhali. Ofisi ina watu wanane tisa, mmoja mtoto wa shangazi yako, mmoja mlisoma skuli moja, mmoja jirani mnasali msikiti mmoja, sasa nani atamwambia nani kuwa kazi yake haijakaa sawa? Basi wote wanapigwa nne juu ya tano, sahihi zinaekwa, faili linafungwa, na mwakani tunarudia. Anaeumia ni yule mama wa mwani alieahidiwa mafunzo ya kukaushia kwenye chanja akaja akaonyeshwa picha tu, na anaumia mfanyakazi mwenyewe pia, mana hakuna aliemwambia ukweli, mradi ukifungwa anatoka na miaka minne ya kazi hajui anaweza nini na anashindwa wapi. Mimi nnaamini muhali haumalizwi kwa ukali. Unamalizwa kwa ushahidi ulioandikwa mwaka mzima na kwa sitara siku ya kuzungumza, na hatua zote hapo chini zimesimama juu ya hayo mawili.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Maelezo ya kazi ya kila mtu, ya sasa, sio yale ya mradi uliokwisha. Utashangaa watu wangapi wameajiriwa kama maafisa uwanda na saivi ndo wanaoshika stoo, ununuzi na ukurasa wa Facebook wa jumuiya. Huwezi kumpima mtu kwa kazi ambayo hajawahi kuambiwa ni yake.
- Mpango kazi wa mradi na yale mliyomuahidi dona.
- Kanuni za utumishi za jumuiya yako pamoja na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005. Hapa wengi wanateleza: wanapakua fomu na mikataba ya Tanzania Bara ilojaa vifungu vya Sheria Namba 6 ya 2004. Ile ni ya Bara. Mambo ya kazi sio ya Muungano, huku tuna sheria yetu na Kamisheni yetu ya Kazi, na karatasi yenye kifungu cha sheria isiyohusika itakuaibisha siku mtu akienda kulalamika.
- Daftari moja gumu au faili la Excel lenye neno la siri, la kwako wewe msimamizi.
- Fomu ya kurasa mbili. Nasema mbili. Zile za kurasa kumi na nne zilotoka kwa shirika kubwa la kimataifa hakuna anaezijaza kwa moyo.
- Chumba chenye faragha, au pahala pa kuazima.

Hatua ya 1: Panga tarehe na uzitangaze mapema

Kikao kimoja kikubwa kwa mwaka na kimoja kidogo katikati kinatosha kwa jumuiya ndogo. Tarehe zipange mwanzo wa mwaka na kila mtu azijue.

Epuka kumi la mwisho la Ramadhani, epuka wiki ya kufunga ripoti za robo mwaka, na kama wafanyakazi wako wanazunguka vijijini Pemba basi epuka kilele cha masika na msimu wa karafuu, mana watu watakuja na mwili tu. Na kosa kubwa kuliko yote katika hatua hii ni kuiweka tathmini siku moja na kuongeza mkataba. Mtu anaesubiri kujua kama mwezi ujao atakuwa na mshahara hawezi kukuambia kilichomshinda, atakuambia unachotaka kusikia. Acha angalau mwezi mmoja baina ya hivo viwili.

Hatua ya 2: Kaeni wawili muandike malengo, yasizidi matano

Hii inafanywa mwanzo wa mwaka, wala sio siku ya kutoa alama. Chukua mpango kazi, muulize mfanyakazi katika haya yepi yako mikononi mwako wewe, halafu muandike.

Lengo zuri linaonyesha kitu kilichobadilika, sio pirika zilizofanyika tu. Chukua mradi wa mikoko. Ukiandika "kupanda miche 5,000" utapata miche 5,000 imepandwa, picha nzuri zitapigwa, sheha atahutubia, na baada ya miezi sita bahari imeichukua nusu na mtu wako kapata alama kamili. Andika hivi: "ifikapo mwezi wa kumi na mbili, miche isiyopungua 3,000 iwe hai, na kikundi cha kijiji kina ratiba yake ya kuikagua." Sasa afisa wako atachagua pahala pa kupanda kwa uangalifu, ataenda kuuliza wavuvi maji yanapita wapi, na atarudi kuziba mapengo bila ya kusukumwa.

Kwa mhasibu: hesabu za mwezi zifungwe kabla ya tarehe 10 na kila malipo yawe na risiti. Kwa anaeshughulikia kesi za udhalilishaji usiweke idadi ya kesi kama lengo, nakuomba sana, mana unamfanya atafute kesi au azidishe. Weka ubora: kila alieripoti kapelekwa kwenye huduma anayoihitaji ndani ya muda mliokubaliana, kafuatiliwa, na siri yake imetunzwa.

Lengo la tano liache liwe la kujifunza. Kitu kimoja ambacho mwisho wa mwaka atakuwa anakiweza na leo hakiwezi.

Hatua ya 3: Andika daftari kila mwisho wa mwezi

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii. Kila mfanyakazi ukurasa wake, kila mwezi mistari mitatu minne: tarehe, kilichotokea, kilileta nini. Dakika kumi na tano kwa ofisi nzima.

Mfano wa mstari mzuri: "Tarehe 14, kikundi cha kuweka na kukopa kiligombana juu ya hisa, kaenda mwenyewe jioni, kakaa nao, wamefungua sanduku mbele ya wote, kikundi kimeendelea." Mfano wa mstari mbaya: "Ni mvivu." Huo sio ushahidi, ni hasira zako za siku hiyo.

Bila ya daftari utakumbuka wiki tatu za mwisho tu. Mtu aliefanya kazi kubwa mwezi wa pili atapunjwa, na yule aliekazana mwezi wa kumi na moja baada ya kuliona tangazo atapeta. Na usijidanganye kuwa grupu la WhatsApp ni kumbukumbu, zile picha za semina zinaonyesha kuwa watu walikuja na walikula, hazionyeshi kama wamejifunza kitu.

Jengine: yaliyomo kwenye daftari yasiwe mageni kwa mwenyewe. Ukiandika kasoro mwezi wa nne, mwambie mwezi wa nne huo huo. Kumuekea mtu dhambi zake miezi minane halafu kumfungulia siku moja ni dhulma.

Hatua ya 4: Mpe fomu ajitathmini mwenyewe kwanza

Wiki moja kabla ya kikao. Maswali manne tu: umefanikiwa wapi, wapi hukufika na nini kilizuia, mimi msimamizi wako nilikukwamisha wapi, mwakani unataka ujifunze nini. Aandike kwa Kiswahili. Kama dona anataka Kiingereza utatafsiri wewe baadae, usimlazimishe dereva au muhamasishaji wa shehia ajieleze maisha yake ya kazi kwa lugha ambayo halali nayo wala haamki nayo.

Swali la tatu wengi wanalifuta kwenye fomu, wanaona bosi haulizwi. Liache. Humo ndo utajua kuwa posho ya safari ilichelewa miezi miwili na mtu alikuwa akijilipia daladala kutoka Chake mpaka Micheweni kwa pesa yake.

Usisome majibu ukiwa na kalamu ya kusahihisha. Soma, eka alama pale mnapotofautiana, hapo ndo pa kuzungumza.

Hatua ya 5: Uliza walioguswa na kazi

Chukua watu watatu mpaka watano: mwenzake wa ofisini, mtu wa kikundi anachokihudumia, pengine sheha au mwalimu wa skuli wanaefanya nae kazi. Uliza kuhusu huduma, usiulize kuhusu mtu. "Mafunzo ya mwezi wa sita yalikuwaje, mnaendelea kuyatumia?" linatosha. Ukiuliza "fulani mnamuonaje" kijijini basi kabla ya magharibi habari imezunguka kuwa fulani anafukuzwa kazi. Majina ya waliojibu yabaki kwako.

Hatua ya 6: Toa alama, ukiwa peke yako na daftari

Nnapenda ngazi nne, hamna ya katikati ya kujificha:

1 – lengo halikufikiwa na sababu zilikuwa mikononi mwake
2 – limefikiwa kwa sehemu
3 – limefikiwa kama tulivyokubaliana
4 – limevukwa na ushahidi upo

Waambie watu mapema kuwa 3 ni alama nzuri, ni alama ya mtu aliefanya kazi yake. Huku kwetu mtu akipewa 3 anaona katukanwa, kwa sababu ofisi ya jirani wote wana nne.

Kila alama iwe na mstari mmoja wa daftari chini yake. Huna mstari, huna alama. Hapo ndo muhali unapokosa pa kukaa, mana sio wewe unaesema, ni tarehe 14 na tarehe 22 ndo zinasema. Na angalia sababu za nje: boti haikuondoka kwa upepo wa kusi, pesa za mradi zilichelewa kuingia, ofisi ya wilaya haikutoa kibali. Hayo usimbebeshe mfanyakazi, yaandike na lengo lisogezwe.

Mkiwa wasimamizi wawili watatu, kabla ya kuwaambia wafanyakazi kaeni mlinganishe alama. Kuna msimamizi mkono mzito na kuna msimamizi mwepesi, na wafanyakazi wanalinganisha alama zao wenyewe wakinywa chai, usidhani hawaambiani.

Hatua ya 7: Mazungumzo

Hapa ndo penye kazi, kwahiyo nitakaa kidogo.

Pahala kwanza. Ofisi nyingi ni chumba kimoja na feni moja. Basi azima chumba kwa jumuiya ya jirani, au fanyeni saa watu wameenda kusali na kula, au kaeni barazani nyuma pasipopita mtu. Kama msimamizi ni mwanamme na mfanyakazi ni mwanamke au kinyume chake, kaeni pahala mnapoonekana lakini hamsikiki, mlango wazi, meza mbali na dirisha. Inawalinda wote wawili na hakuna atakaepata la kusema. Kamwe usifanye tathmini kwenye kikao cha wafanyakazi wote, hata ile ya kusifu. Makosa ya mtu yana sitara yake.

Muda: saa moja. Simu zima. Mchana wa Ramadhani kama imebidi basi fanya asubuhi.

Mpangilio: salamu za kweli, muulize nyumbani, kisha muache yeye aanze kusoma fomu yake. Wewe sikiliza. Halafu taja zuri moja kwa tarehe na athari yake, sio "unajitahidi mashallah" tu. Kisha lile gumu, kwa mpangilio huu: kilichotokea, kilileta nini, nataka nijue sababu. Halafu nyamaza. Kimya kikiwa kirefu usikijaze kwa kujirudi, mana ndo pale wengi wanaposema "lakini si tatizo kubwa" na kazi yote inaharibika.

Wanaonipigia sana ni wasimamizi vijana wanaowatathmini watu wazima, mwalimu mstaafu kwa mfano, ambae pengine kamsomesha huyo msimamizi mwenyewe. Adabu yako ibaki pale pale na ukweli ubaki pale pale. Inakwenda hivi:

– Shikamoo Maalim.
– Marahaba mwanangu, hujambo.
– Sijambo. Maalim nimesoma fomu yako yote, na pale pa vikundi vya Kojani nnakubaliana na wewe kabisa, tarehe 22 ulikaa nao mpaka usiku na kikundi hakikuvunjika. Nimeandika. Kuna moja nataka unisaidie kulielewa. Ripoti za mwezi wa tatu, wa nne na wa tano zote zimefika baada ya tarehe 12, na makubaliano yetu ni tarehe 5. Ya kwako ikichelewa mhasibu hafungi hesabu za Pemba, na Unguja wanatusubiri. Nini kinazuia?
– (kimya) Mwanangu, kazi naifanya.
– Kazi unaifanya Maalim, hilo sina shaka nalo. Nauliza ripoti.
– Ile fomu ya kwenye tableti... mimi huandika kwenye karatasi, nasubiri mjukuu wangu arudi chuo mwisho wa wiki aniingizie.

Umeona? Hapo kama ungeona muhali ungempa nne na mwaka ujao ripoti zingechelewa tena. Na kama ungemkaripia angenyamaza na usingejua kuhusu mjukuu. Na zaidi ya hapo umegundua taarifa za wanavikundi zinatoka nje ya ofisi bila ya nia mbaya ya mtu yoyote. Dawa yake ni asubuhi mbili za kukaa na kijana anaejitolea ofisini, wakijaza fomu halisi za mwezi huo, na mwezi unaofuata Maalim ajaze mwenyewe kijana akiwa pembeni. Hilo linaandikwa kwenye fomu pale pale na linakuwa sehemu ya hatua inayofuata.

Makosa ya kuepuka kwenye mazungumzo: kumlinganisha na mwenzake kwa jina, kuchanganya habari za nyumbani kwake na za kazi, kumuahidi mshahara ambao bajeti haina, na kusema "watu wanasema". Watu gani? Kama huna tarehe usiseme.

Hatua ya 8: Mpango wa kujiendeleza

Tathmini isiyoishia hapa ni kupima mtu homa halafu ukamuacha. Na jibu nnalolipata kila siku ni "hatuna pesa za kusomesha watu". Sawa, lakini mambo mengi hayataki pesa, yanataka bosi akubali kuachia.

Kwanza kazi yenyewe. Mpe aongoze kikao cha robo mwaka. Mpe aandike sehemu moja ya andiko la mradi, uisahihishe nae, hata kama ungeandika mwenyewe ungemaliza haraka. Mpe akaimu ukisafiri, na kukaimu kwenyewe kuwe na barua, sio kwa maneno. Mwanamke wa ofisini ambae siku zote anaambiwa aandike muhtasari na apange chai, mwaka huu na yeye asimame mbele awasilishe matokeo, na muhtasari aandike mwengine.

Pili mtu wa kumlea. Sio lazima awe wa ofisi yako. Pemba kuna PACSO, Unguja kuna ANGOZA, ndo miavuli yetu ya jumuiya, ukiomba uunganishwe na jumuiya yenye mhasibu mzuri ili wako akakae nae siku tatu, hilo ni ombi dogo. Nauli ya boti na pa kulala tu.

Tatu kozi. Za bure zipo na nzuri: Kaya, DisasterReady na Agora ya UNICEF ni tovuti, zote zinatoa kozi za usimamizi wa miradi, ulinzi wa watoto, fedha na mengine, na cheti unapata. Nyingi ni za Kiingereza, kwahiyo wakae wawili wawili. Lakini usimwambie mtu "kasome usiku nyumbani kwa bando lako". Tenga masaa mawili kwa wiki ndani ya saa za kazi, tuseme Alkhamis mchana, intaneti ya ofisi, mlango umefungwa. Kwa masomo ya muda mrefu SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wana kampasi Pemba pale Mchanga Mdogo, Chuo Kikuu Huria nao wapo, na Chuo cha Utawala wa Umma kipo Tunguu. Mhasibu wako kama anafanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inakuwa mwezi wa tano na wa kumi na moja, basi usimpangie ukaguzi wa vituo wiki hizo, ushamsaidia zaidi ya posho.

Semina za hotelini tuziseme. Mara nyingi anaekwenda ni yule yule, kwa sababu anajua Kiingereza au kwa sababu ya posho. Eka sheria ya ofisi: anaekwenda ni ambae mpango wake wa kujiendeleza unahusiana na semina, na ndani ya wiki mbili akirudi anawafundisha wenzake kwa saa moja. Hafundishi, haendi tena.

Na wanaojitolea wamo kwenye hatua hii. Kijana anaefanya kazi mwaka mzima kwa nauli tu ana haki ya kukaa na wewe saa moja, kuambiwa ukweli, na kupata barua inayoeleza alichofanya kwa undani.

Kwenye maandiko ya miradi mipya weka mstari wa kujenga uwezo wa wafanyakazi, na uwe na maelezo yaliyotoka kwenye tathmini: watu wangapi, wanahitaji nini, kwa nini. Dona akiona ombi limetoka kwenye tathmini halisi ni rahisi kulikubali kuliko mstari mtupu ulioandikwa "mafunzo". Tuliona mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi inaweza kufungwa ghafla na mtu akatakiwa aondoke mwezi huo huo. Mfanyakazi mwenye rikodi ya alichojifunza na ushahidi wa alichokifanya anakuwa na cha kuweka mezani kwenye intavyuu. Asie nacho anaanza upya.

Mpango wenyewe uwe mistari mitatu: atajifunza nini, kwa njia gani na kabla ya lini, na mimi msimamizi nitatoa nini. Sehemu ya tatu ikiwa tupu mpango haujakamilika.

Hatua ya 9: Sahihi, faili, na kurudi

Mfanyakazi asome fomu iliyojazwa, aandike maoni yake kwa mkono wake, atie sahihi, apewe nakala. Ya ofisi ikae kabatini kwa kufuli, sio juu ya meza ya mapokezi. Baada ya miezi mitatu muite dakika ishirini muangalie mpango wa kujiendeleza umefika wapi. Tarehe hiyo iandike kwenye fomu kabla hamjainuka.

Ukikwama

*Kakataa kutia sahihi.* Mwambie sahihi maana yake kaiona na kaisoma, sio kaikubali, na pahala pa kupinga ni kwenye maoni yake. Akikataa bado, andika kuwa kakataa na tarehe, mpe nakala, mpe njia ya kukata rufaa kwa mkurugenzi au bodi. Usigombane.

*Kalia, au kakasirika.* Simama, mpe maji, muulize kama anataka kuendelea leo au kesho. Alama usiibadilishe kwa sababu ya machozi, ibadilishe kama kaleta ushahidi mpya.

*Wa kumtathmini ni ndugu yangu.* Muachie msimamizi mwengine au mjumbe wa bodi, na iandikwe kuwa umejitoa na kwa sababu gani. Kama ofisi nzima ni jamaa, basi omba mkurugenzi wa jumuiya nyengine akae kama shahidi.

*Nani anamtathmini mkurugenzi?* Bodi. Wajumbe wawili, malengo yale yale matano, na wawaulize wafanyakazi kwa karatasi isiyo na jina. Mkurugenzi akikwepa tathmini yake, ya wengine itaonekana ni fimbo tu.

*Mimi niko Unguja, mtu wangu yuko Pemba.* Kikao cha katikati ya mwaka mnaweza kukifanya kwa simu ya video mtandao ukikubali. Kile kikubwa panda boti ushuke Mkoani umfuate, na uende nae uwandani siku moja kabla ya kukaa nae. Usitume alama kwa meseji.

*Lililojitokeza ni wizi, au kamdhalilisha mtu.* Hiyo sio tathmini tena. Funga fomu, fuata taratibu za nidhamu na za ulinzi za jumuiya siku hiyo hiyo, na kama kuna mtoto au mwanamke kadhurika basi Polisi na Ustawi wa Jamii wajulishwe. Usisubiri mwisho wa mwaka na usiimalize kifamilia.

*Mwaka wa pili huu hakuna kilichobadilika.* Mpe mpango wa kuboresha wa miezi mitatu, maandishi, mambo mawili au matatu, mkutane kila wiki mbili. Ikishindikana na inabidi kuachana nae, usimtoe kwa fomu ya tathmini peke yake: onyo, haki ya kujieleza na notisi vina utaratibu wake kisheria, pita Kamisheni ya Kazi uulize kabla hujaandika barua.

*Dona anataka Ijumaa na mwaka mzima hatukuandika kitu.* Usibuni daftari la miezi kumi na mbili kwa usiku mmoja wala usirudishe tarehe nyuma, mkaguzi atawauliza wafanyakazi na wataeleza. Mwandikie dona ilivyo, fanya hatua ya 4 na ya 7 wiki hii na watu wote, fomu ziwe na tarehe ya leo na mapengo yake, na malengo ya hatua ya 2 yaandikwe kabla ya mwezi kuisha. Umtumie ratiba hiyo pamoja na fomu.